Tundu la Upande wa Diwani

Ng'ombe aliitwa Diwani. Jina alipewa na Bibi Klementina, kwa sababu enzi za ujana wake ng'ombe huyo alikuwa anakula kwanza, kazi anaifikiria baadaye. Nilipomfahamu mimi alikuwa maksai mzee mwenye bega lililovimba, anayevuta plau na mwenzake Trekta kwenye mashamba ya mteremkoni huku Itiryo, wilayani Tarime. Naanza na ng'ombe kwa sababu kuanza na mimi mwenyewe naona aibu.

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Naitwa Ombeni, kwetu ni milimani Same, ambako shamba la mtu ni la jembe la mkono na ng'ombe anakaa bandani akiletewa majani. Huu ni mwaka wangu wa sita Tarime, na kwa miaka yote hiyo maksai nilikuwa nawaona barabarani tu, nikiwapisha. Nina hasira za karibu, wanafunzi wanalijua hilo, na kinachonikasirisha kuliko vyote ni kukariri. Kidato cha tatu kizima kiliweza kutaja kanuni ya momenti kwa Kiingereza bila kuruka neno, lakini ukiwapa ubao, jiwe na tofali, ukawaambia wauweke ubao usiegemee upande wowote, wanabaki kutazamana.

Kwa hiyo niliamua kuwafundisha kwa mikono. Karakana hatuna. Tulikuwa na msumeno mmoja, randa moja, na keekee ya kutobolea mbao tuliyoazima kwa seremala, baba wa mwanafunzi wangu Waitara. Tulitengeneza winchi ya kisima kwa rimu ya baiskeli. Tulitengeneza toroli, tukapima matofali yakae sehemu gani ili msukumaji asivunjike mgongo. Kazi ya mbao ilikuwa ya Waitara. Maswali yalikuwa ya Boke.

Boke alitoka nyumba isiyo na mwanaume. Bibi Klementina alifiwa na mume bila kupata mtoto wa kiume, na kwa mila ya Wakurya akatoa ng'ombe akamuoa mwanamke, Jenipha, aje azae kwa jina la nyumba ile. Ndiyo hiyo wanayoiita nyumba ntobhu. Jenipha akazaa wasichana watatu. Boke ndiye mkubwa, kwa hiyo plau ikawa yake. Alianza kuishika akiwa na miaka tisa, na alipofika kidato cha tatu viganja vyake vilikuwa vigumu kuliko vyangu.

Siku moja darasani nilining'iniza ubao kwenye mizani mbili za springi, moja kila mwisho, nikatundika jiwe katikati. Mizani zikasoma sawa. Nikalisogeza jiwe upande mmoja, mizani ya upande huo ikasoma zaidi. Nikauliza maana yake nini. Waliokaa mbele wakaanza kunitajia kanuni. Boke akasema kutoka nyuma, "Hiyo ni nira, mwalimu."

"Nira kivipi?"

"Mizani ni ng'ombe. Jiwe ni plau. Mnyororo wa plau ukisogea kwa mmoja, huyo ndiye anabeba." Akafikiri kidogo. "Diwani wetu anachoka siku hizi. Tukitoboa tundu la mnyororo karibu na Trekta, Trekta atabeba zaidi."

Nakumbuka nilivyofurahi. Miaka sita nilikuwa nangoja mwanafunzi mmoja aseme kitu cha namna hiyo. Niliyarudia maneno yake ofisini mpaka walimu wenzangu wakanichoka. Ilikuwa katika siku hizohizo Madam Eunice, mkuu wetu wa shule, aliposema kuna shule moja itapewa vifaa vya karakana, na afisa atapita kuona sisi tunafanya nini. Nikamwambia ataona nira.

Nilikwenda kwa Bibi Klementina kuwapiga picha ng'ombe kwa simu. Niliwapiga kwa mbele, maana nani anampiga ng'ombe picha matakoni? Kwenye picha Trekta alikuwa kushoto na Diwani kulia. Nikaichora nira ubaoni kama inavyoonekana pale pichani: mita moja kutoka shingo hadi shingo, na tundu la mnyororo likiwa sentimita kumi kushoto mwa katikati, upande wa Trekta. Hesabu ilikuwa safi. Katika kila sehemu kumi za uzito wa plau, Trekta atavuta sita na Diwani nne. Waitara akachonga gogo la mkaratusi, tukatoboa palepale nilipochora, tukafunga pete ya chuma. Mwishoni nikamwambia aandike jina la shule ubavuni kwa rangi nyeupe, herufi kubwa. Akaliandika kwenye ubavu uleule tuliouchora ubaoni, yaani ubavu wa mbele.

Hilo jina ndilo lililonimaliza.

Afisa alikuja Ijumaa moja ya Februari, asubuhi. Mvua zilikuwa zimenyesha mara mbili tu. Juu udongo umelainika, chini bado mgumu. Tulipanga madawati kwenye ncha ya shamba la shule, ng'ombe wakaanzia pale, wakawapa wageni migongo. Walikuwepo afisa, Madam Eunice, wazazi, wazee kadhaa akiwemo Mzee Heche, na Bibi Klementina kwenye kiti cha plastiki. Boke aliwafunga ng'ombe. Aliifunga nira sawasawa, ubavu wenye jina ukatazama mbele wanakoelekea ng'ombe, na wageni waliokaa nyuma wakabaki wanaona mti mtupu.

Nikamsogelea. "Boke, geuza hiyo nira. Wageni wasome jina."

Alinitazama, kisha akaitazama nira. Akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, nikigeuza, tundu linaenda kwa Diwani."

Nilikuwa na jasho, nilikuwa na tai ya kuazima, na afisa alikuwa anatazama saa. Nikamjibu kwa sauti ya chini vilevile, "Nani kaichora hii nira, mimi au wewe?"

"Ni wewe mwalimu."

"Basi geuza."

Akageuza. Waitara, aliyekuwa mbele ameshika ng'ombe, alisikia yote. Afisa akalisoma jina la shule kwa sauti, akatoa simu, akaanza kurekodi. Ng'ombe wakaondoka, Waitara akiongoza na Boke nyuma ameikandamiza plau, na mimi nikasimama kando ya wageni nikieleza habari za sita na nne kwa ufasaha ambao mpaka leo nikiukumbuka nasikia moto masikioni.

Walifika mwisho wa shamba, wakageuza, wakaanza kurudi wakituelekea. Trekta alikuwa kushoto kwangu na Diwani kulia, kama kwenye picha. Nikautafuta mnyororo kushoto, pale nilipouchora. Haukuwepo. Ulikuwa kulia. Ilinichukua hatua kama kumi za ng'ombe kuelewa ninachokiona. Diwani ndiye aliyekuwa anavuta sita. Mdomo ulikuwa wazi na ngozi ya bega lile bovu ilikuwa inachezacheza.

Huku Itiryo, mtu aliye mbele ya plau akinyanyua mkono, mshika plau anasimamisha. Huulizwi sababu, maana huenda umeona jiwe au nyoka. Nilichotakiwa kufanya kilikuwa kidogo hivyo. Sikunyanyua. Afisa alikuwa anarekodi, na nilijiambia wamalize mstari huu, wakifika nitaigeuza kimyakimya kama jambo la kawaida. Wakafika. Wakageuza. Afisa akasema, "Hebu tuone tena, mwalimu, hii ni nzuri sana."

Nikasema, "Endeleeni."

Katikati ya mstari wa tatu plau ikanasa kwenye jiwe. Trekta akajikaza, Diwani naye akajikaza, kisha Diwani akapiga magoti ya mbele na bega likateguka. Hata pale nilipokuwa nimesimama nililisikia. Tulikimbia watu tisa kumwinua, na mimi nikiwa mmojawapo, tai ikaloa mate ya ng'ombe. Alisimama kwa miguu mitatu. Wa nne hakuuweka chini tena, na kesho yake asubuhi Bibi Klementina akaagiza achinjwe.

Siku hiyohiyo mchana Jenipha, mama yake Boke, alikuja kwangu na nyama kwenye jani la mgomba. "Bibi amesema wote mliomwinua mpate," alisema. Nikaipokea kwa mikono miwili, nikashukuru, nikamwambia pole. Nikaipika. Nikaila. Ilikuwa ngumu sana, nyama ya mnyama aliyefanya kazi maisha yake yote, na kila kipande nilikitafuna nikijua natafuna nini.

Jumatatu Madam Eunice akataka maelezo ya maandishi, kwa kuwa afisa alikuwa anauliza. Niliandika kwamba mwanafunzi aliyefunga nira aliifunga kinyume. Niliisoma mara mbili nikaona haina uongo. Ilikuwa imefungwa kinyume kweli, na mikono iliyoifunga ilikuwa ya Boke. Wakili angenipongeza. Baadaye nikamwita Boke nje ya darasa, maana nilijua maelezo yale yatamfikia, nikamwambia kwa sauti ya upole kabisa, "Mambo haya hutokea. Usijilaumu sana."

Akasema, "Ndiyo mwalimu."

Kesho yake hakuja shule.

Wiki ikapita, na ya pili. Dukani, mashineni, watu ambao hata hawakuwepo siku ile walikuwa wanasimulia jinsi binti wa Klementina alivyomvunja ng'ombe, na kwamba ndiyo faida ya kumwachia msichana plau. Nilikuwa nanunua chumvi yangu naondoka. Waitara alikuwa ananijibu darasani bila kunitazama usoni. Madam Eunice akaniambia Boke asipoonekana hadi mwisho wa mwezi jina lake litapelekwa kama mtoro, na mtoro wa kidato cha tatu ni nadra kumrudisha. Nikasema nitafuatilia. Sikufuatilia. Nilisahihisha madaftari, nilifua, nilikarabati kiti ambacho hakikuwa kibovu.

Jumamosi ya pili nilipita njia ya juu kwenda gulioni na nikawaona. Boke na mama yake walikuwa wanalima kwa majembe ya mkono kwenye mteremko, wameinama sambamba. Walichokuwa wamelima hakikufika hata robo ya shamba. Trekta alikuwa amefungwa kwenye mti pembeni, mzima, ana nguvu zote, anakula majani. Maksai mmoja hafungwi nira ya maksai wawili. Mvua zilikuwa zimeshakolea na majirani wote mahindi yao yalikuwa yameota. Nilisimama pale nikiwa na kikapu kitupu, na gulioni sikufika.

Bibi Klementina nilimkuta uani anapepeta ulezi.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mwalimu. Kaa."

Nilikaa kwenye kigoda. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, na yote yakapotea. "Bibi," nikasema, "Boke hakukosea. Aliifunga nira vizuri. Mimi ndiye niliyemwambia aigeuze."

Aliendelea kupepeta. "Tulikuona," akasema.

"Mliniona?"

"Mura, kijana wangu, mimi nimelima na ng'ombe kabla wewe hujazaliwa. Hata marehemu alikuwa anasogeza mnyororo akimfunga dume changa na dume kubwa. Tulikuona unamwambia mtoto ageuze. Tukaona mnyororo umeenda kwa Diwani. Mzee Heche akaniuliza kwa Kikurya, huyu mwalimu anafanya nini. Nikamwambia nyamaza, labda ndiyo sayansi yenyewe."

Niliona ingekuwa heri ningetukanwa. Wazee wote wale, watu waliomaliza maisha yao nyuma ya plau, waliona ng'ombe anaonewa wakanyamaza kwa heshima ya chaki yangu.

"Sasa, Bibi, kama mlijua, kwa nini umemtoa Boke shule?"

Aliuweka ungo chini. "Alirudi hapa Jumatatu ile akaniambia ni yeye alifunga vibaya. Yule mtoto! Nimemshikisha plau ana miaka tisa, hawezi kufunga nira vibaya hata akiwa na homa. Nikamuuliza mara tatu. Mara tatu akasema hivyohivyo, macho makavu. Nikasema basi. Kama huko shuleni mnamfundisha kusema uongo juu ya ng'ombe, akae hapa alime."

"Nisamehe Bibi. Kuhusu ng'ombe, nitatafuta namna ya..."

"Ng'ombe nimeshamla," akasema. "Na wewe umemla."

Kutoka shambani nilikuwa nasikia majembe yakigonga mawe.

"Mimi usinieleze," akaendelea. "Walioona ni wengi, na waliodanganywa ni wengi zaidi. Kawaeleze hao. Halafu Boke ataamua mwenyewe kama anarudi. Mimi simvuti."

Kikao cha wazazi kilikuwa Ijumaa iliyofuata. Nilimwomba Madam Eunice dakika tano, nikamwambia mapema nitakachosema ili asije akazimia mbele za watu. Hakufurahi, lakini hakunizuia. Nikasimama. Nikasema niliwachora ng'ombe kwa mbele nikasahau kwamba mshika plau anawaona kwa nyuma. Nikasema Boke alifunga sawa na aliniambia, na mimi nikamwamuru ageuze ili jina la shule lisomeke. Nikasema maelezo niliyoyaandika yalikuwa ya uongo na nimeyaandika upya. Nikasema pia kwamba wakati ule sikujua ninachokifanya.

Watu wakapiga makofi. Sikutegemea. Mzee Heche alinyanyuka akanishika mkono, akasema tangu shule ile ijengwe hajawahi kuona mwalimu anakubali kosa. Mama mmoja akasema Mungu anibariki. Vifaa vya karakana tulijua havitakuja tena, na hata kwa hilo hawakunisema. Nilitoka pale mwepesi kabisa. Nilifika getini, nikaikumbuka ile sentensi ya mwisho, na uzito wote ukarudi mahali pake. Nilikuwa nimetubu kosa dogo, nikapigiwa makofi, na lile kubwa nikarudi nalo nyumbani.

Boke alirudi Jumatatu. Alikaa palepale nyuma, akafungua daftari, akanakili masomo aliyoyakosa. Darasa lilikubaliana, bila mimi kusukuma, kwamba kazi inayofuata ni nira ya ng'ombe mmoja, kwa ajili ya Trekta. Ni mti mfupi unaokaa shingoni, kamba mbili zinashuka mbavuni, moja kila upande, zinakutana nyuma kwenye fimbo ya kuvutia, na mnyororo wa plau unafungwa katikati ya fimbo hiyo. Tulizipima kamba kwa mizani za springi mpaka zikasoma sawa. Ubunifu wa fimbo ulikuwa wa Boke. Jina la shule hatukuandika.

Jumamosi tukaenda kuijaribu shambani kwa Bibi Klementina. Walikuja wanafunzi wote wa kidato cha tatu, na Mzee Heche naye akaja, maana habari za ng'ombe hazimpiti. Nilimshikia Boke ule mti wakati anakaza kamba upande wa kushoto. Wengine walikuwa mbali kidogo wanabishana habari za kina cha plau. Alizungumza bila kunyanyua kichwa.

"Mwalimu, kwenye kikao hukusema yote."

Nikajifanya sikuelewa. "Yapi?"

"Tulipogeuza kule mwisho, siku ile, mimi nilikuwa nakuja nakutazama wewe. Nilikuona unatafuta tundu. Nikaona umeliona." Alivuta kamba, akaipima kwa kidole. "Nikasema moyoni, sasa atanyanyua mkono. Nikangoja."

Hakusema kwa hasira, na afadhali angesema kwa hasira. Mimi nilidhani nimebeba kitu ambacho hakuna mtu anakijua. Kumbe tangu siku ile, alipokuwa anasema "ndiyo mwalimu" nje ya darasa, alipokuwa anamdanganya bibi yake mara tatu, alipokuwa ameinama kwenye jembe mteremkoni, Boke alikuwa anajua.

"Kwa nini hukumwambia Bibi?" nikamuuliza.

"Niliona utasema mwenyewe."

Akamaliza fundo, akaenda nyuma akashika plau. Waitara akamshika Trekta kichwani. Wakaondoka, na nira ile ikafanya kazi vizuri kuliko tulivyotarajia. Trekta alivuta kwa utulivu, ardhi ikapinduka nyeusi, wanafunzi wakawa wanatembea pembeni wakishangilia. Jenipha alisimama na jembe lake mkononi, halitumiki. Bibi Klementina alikuwa ameketi kwenye kile kiti chake cha plastiki, chini kabisa ya shamba, hatua chache kutoka kwangu.

Wakafika mwisho. Wakageuza. Wakaanza kurudi wakituelekea, Trekta akiwa mbele na Boke nyuma yake, uso wake ukionekana juu ya mgongo wa ng'ombe. Alikuwa ananitazama. Kamba zilikuwa sawa, fimbo ilikuwa sawa, mnyororo ulikuwa katikati. Hakukuwa na jiwe wala nyoka.

Nikanyanyua mkono.

Boke akasimamisha palepale. Waitara akainama kutazama kamba, akanyanyuka, akaniuliza, na kwa mara ya kwanza baada ya mwezi mzima alikuwa ananitazama usoni, "Kuna nini mwalimu? Nira ina shida?"

"Nira haina shida," nikasema. Mkono wangu bado ulikuwa juu. "Sogeeni wote. Na wewe Bibi, nisikilize. Siku ile ya Diwani, walipokuwa wanarudi hivi, mimi niliona."